Boga la Apolot Lililozaliwa Uganda

Apolot alitolewa kwenye grupu ya wenye bustani mvua za Machi zikiwa zimeshika vizuri, kwa kosa la kusema ukweli kuhusu karoti ya mzee wa kanisa.

Grupu yenyewe ilikuwa ya Watsapu. Iliitwa Bustani Yetu Busia, na ndani yake walikuwemo watu wa kila aina, mradi mtu awe na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na hamu ya kujisifu. Mvua ikianza tu, kila jioni habari zilimiminika. Huyu anatangaza kwamba kunde zake zimetoka, yule anaomba apewe pole kwa sukuma wiki iliyoliwa na kuku wa jirani. Nicholas, ajenti wa kupitisha mizigo ya malori forodhani, alikuwa amepanda stroberi ndani ya mitungi ya plastiki iliyokatwa nusu, na alituma picha ya jani moja mara nyingi hadi watu wakalijua lile jani kwa sura.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Mulama wa Busibwabo, mzee wa kanisa, mtu nadhifu, mwenye viatu vilivyong'aa hata katikati ya mahindi. Kila asubuhi alifungua grupu kwa mstari wa Biblia, na kila jioni aliifunga kwa dua, akimwomba Mungu awaelekeze viwavi kwingine. Siku moja Apolot alimuuliza huko kwingine ni wapi. Kama ni kwake, alisema, basi hiyo dua asihesabiwe kwenye amina.

Apolot hakuwa mtu wa kuandika. Vidole vyake vilikuwa vinene na herufi za simu zilikuwa ndogo, kwa hiyo alituma ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea huku mzigo uko kichwani. Alizaliwa Moding, akaolewa Busia, na ujana wake wote aliupitisha kwenye njia za panya za mpakani, akivusha sukari, sabuni, mafuta ya taa, na wakati mmoja sufuria za harusi nzima zikiwa zimepangwa ndani ya moja kubwa. Aliwapita maaskari kwa kuwatukana kabla wao hawajamtukana. Magoti yalipokataa kazi hiyo, aligeukia ardhi ya nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo matusi yote yaliyokuwa ya maaskari yakawaangukia wadudu, kuku, mbuzi na watu wa grupu.

Watu walimpenda, ingawa hakuna aliyekuwa tayari kusema hivyo mbele ya mwenyekiti. Wengine waliandika, "Nyanya zangu zinaendelea vizuri kwa neema ya Mungu." Apolot alisema, "Nyanya zangu zimekauka zote. Neema sijui ilienda wapi, lakini mimi nilisahau kuzimwagilia." Wengine walituma picha ya kabichi kubwa kuliko zote shambani, naye akatuma picha ya ile mbaya kuliko zote, na chini yake sauti: "Hii ndiyo niko nayo. Inafanana na shemeji yangu."

Kisha ikaja ile karoti.

Mzee Mulama alikuwa amevuna karoti za kwanza. Akaiosha moja, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, akaipiga picha na kuandika chini yake: "Tazameni kazi ya mikono ya Bwana." Karoti hiyo ilikuwa imegawanyika chini ikawa na miguu miwili minene, na katikati ya miguu, hakuna aliyejua kwa nini, ilikuwa imeota kitu cha tatu.

Watu wote waliona na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo sauti ya Apolot ikaingia.

"Mzee Mulama, asante kwa picha. Lakini hiyo karoti ungeivalisha suruali kwanza. Humu ndani tuko wajane."

Nicholas alituma vile vijiuso vinavyocheka hadi machozi, mstari mzima, kisha akavifuta haraka. Alikuwa amechelewa. Mwenyekiti aliandika kwamba grupu si kilabu cha pombe, kwamba wako humo watoto wa watu, na kwamba Mama Apolot anapewa nafasi ya kwenda kutafakari. Mara simu ya Apolot ikamwonyesha kwamba ameondolewa.

"Kutafakari nini?" alimuuliza bintiye Mercyline, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni. "Karoti nimeiona, nimeielewa. Inabaki nini cha kutafakari?"

"Mama, ungenyamaza tu."

"Wewe uliiona?"

Mercyline aliinamia mchicha wake. "Niliiona."

"Basi."

Alisema hajali, akaendelea kusema hajali kwa siku kadhaa, na mtu anayesema hivyo mara nyingi hivyo mnamwelewa. Asubuhi alikuwa akitoka na simu mkononi, anainama kwenye maharagwe, anaona yametoa ua la kwanza, anafungua mdomo, kisha anakumbuka hana wa kumwambia. Habari za bustani hazikai ndani ya mtu. Ua la maharagwe ni kitu kidogo sana kumpigia mtu simu, na ni kikubwa mno kukinyamazia. Mercyline naye alikuwa anakwenda saluni yake ya Malaba mapema na kurudi amechoka, na hakuna habari ya maharagwe aliyowahi kuuliza tangu azaliwe.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuongea na Elungat.

Kuongea ni neno kubwa. Nyuma ya bustani ya Apolot palikuwa na mfereji mdogo ambao mtu mwenye magoti mazuri angeuruka. Mfereji huo ndio ulikuwa mpaka. Huku Kenya, kule Uganda. Palikuwepo na jiwe la serikali la kuonyesha hivyo, ambalo Apolot alilitumia kunolea panga. Ng'ambo ya mfereji aliishi Elungat, fundi wa redio aliyekosa kazi siku watu walipoanza kusikilizia redio kwenye simu. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto walikuwa Soroti na Kampala, na yeye alilima vitunguu. Hawakuwa wamesalimiana tangu mbuzi wake alipovuka na kula eboo ya Apolot, zile kunde changa za kupikia mboga, mstari baada ya mstari. Siku hiyo Apolot alimtukana mbuzi kwa Kiteso, akamtukana mwenye mbuzi kwa Kiswahili, na kwa kuwa alikuwa bado na nguvu, akaitukana serikali ya Uganda.

Sasa alikuwa amesimama ukingoni akitazama kitu ambacho hakukipanda. Kwenye shimo lake la takataka ulikuwa umeota mmea wa boga. Mvua ilikuwa imeusukuma kwa kasi ya kutisha. Ulitoka shimoni, ukapita juu ya viazi vitamu, ukashuka ndani ya mfereji, ukapanda upande wa pili, na huko, kwenye ardhi ya Elungat, kando ya vitunguu vyake, ulikuwa umeweka tunda. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, na lilikuwa limezungushiwa uzio wa vijiti.

"Mzee," Apolot aliita. "Hivyo vijiti ni vya nini?"

Elungat alinyanyuka kutoka kwenye vitunguu polepole, kama mtu anayetarajia kutukanwa na anataka kusimama vizuri kwanza. "Nyabo," alijibu, kama Waganda wanavyomwita mama wa heshima, "ni vya kulinda boga langu."

"Boga lako."

"Liko Uganda."

"Mama yake yuko Kenya. Fuata hicho kikonyo, kitakupeleka mpaka jikoni kwangu."

"Mke wangu alizaliwa Kenya," Elungat alisema, "na alikufa Mganda. Hakuna aliyekuja kumdai."

Apolot alilitupia boga jicho, akasema jibu la hilo atalileta. Aliondoka. Kesho yake asubuhi alirudi akiwa nalo. Alisema mtu akienda kujifungua ng'ambo, mtoto anarudi na mama. Elungat alisema inategemea nani amelipa hospitali, na yeye ndiye aliyeweka samadi. Siku iliyofuata Apolot alisema samadi yenyewe ni ya yule mbuzi mwizi, hivyo imetengenezwa kwa eboo yake. Elungat alifikiri, akakubali kwamba hapo kuna hoja, ila akasema mbuzi alishaliwa Krismasi na ushahidi umepotea.

Iliendelea hivyo. Boga lilinenepa, na mabishano yalinenepa pamoja nalo. Katikati ya mabishano, bila mmoja wao kukiri, habari zilianza kupenya. Apolot alisema maharagwe yamechanua. Elungat alisema vitunguu vya kitaluni viko karibu kuhamishwa. Apolot alisema fuko wanamaliza viazi kutoka chini, ukivuta unapata ganda tupu. Elungat alimweleza jinsi ya kuchimba na kuweka majani ya tumbaku kwenye njia ya fuko, naye akamwambia huo ni upuuzi wa Kiganda, kisha akaenda kuomba tumbaku kwa jirani.

Nicholas alipita siku moja kumletea salamu za chinichini kutoka kwa grupu. Alimkuta ukingoni, akasikiliza kesi nzima, akavua miwani ya jua na kutoa maoni ya kitaalamu.

"Mama, huo mzigo umekwama kwenye tranziti. Mzee hawezi kuuza bila cheti cha asili, na wewe huwezi kuuingiza bila kulipa ushuru. Ingekuwa ni lori, lingelala hapa hadi lioze."

"Na ninyi wa grupu mko aje?"

Nicholas alitazama viatu vyake. "Tumekufa. Watu wanaweka 'amina' tu. Nilituma stroberi yangu ya kwanza, imeiva nyekundu, nikapata amina nne. Mama, mimi sikutaka amina. Nilitaka mtu aniambie ni ndogo."

"Ni ndogo?"

"Ni kama chunusi."

Apolot alicheka hadi akashika kiuno, na ng'ambo ya mfereji Elungat alijifanya anang'oa magugu ili asionekane naye anacheka.

Mvua ya mawe ilikuja alasiri moja bila adabu yoyote. Asubuhi jua lilikuwa limechoma. Mchana mawingu yalishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, meusi, na upepo ukageuza majani ya migomba yote upande mmoja. Apolot alikuwa anaanua nguo. Mawe ya kwanza yalipiga bati kama mtu anayerusha changarawe kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha. Alikimbilia ndani, akasimama kwenye dirisha la nyuma, na alichoweza kufanya ni kutazama maharagwe yake yakilazwa chini, na sukuma zikitobolewa zikawa kama nyavu. Alisema maneno ambayo Mzee Mulama angemwondolea kwenye grupu nyingine tatu.

Ndipo akamwona Elungat. Alitoka nyumbani mwake amebeba godoro kichwani. Godoro lenyewe lilikuwa lile la kulalia, la mistari ya bluu, na chini yake ilionekana miguu miwili miembamba ikiteleza kwenye matope. Apolot alidhani anaelekea kwenye kitalu. Miche yote ya vitunguu ilikuwa pale, imesimama mistari mistari, kazi ya msimu mzima ya mtu asiye na kazi nyingine. Elungat alikipita kitalu. Alifika kwenye boga, akang'oa vijiti, akaliinamia, akajifunika pamoja nalo chini ya godoro, na hapo akakaa, kama kuku anayeatamia yai kubwa kuliko yeye, hadi mawe yalipokwisha.

Apolot hakungoja mvua ya kawaida iishe. Alitoka na gunia kichwani, akashuka kwenye mfereji uliojaa maji hadi magotini, akapanda ng'ambo kwa kushika nyasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mpaka huo bila mzigo. Alimkuta Elungat ameketi kwenye matope, godoro limelowa na kuwa zito hata hawezi kulisukuma. Walilinyanyua pamoja. Boga lilikuwa salama. Kitalu kilikuwa kimekuwa uji wa kijani.

"Wewe mzee," Apolot alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira kwa sababu hakuwa na nyingine iliyo karibu. "Kwa nini hukufunika vitunguu?"

Elungat alijifuta uso kwa mkono wenye matope, akauchafua zaidi. "Vitunguu haviongei."

"Na boga linaongea?"

"Boga likiharibika, nani atakuja asubuhi kunitukana?"

Apolot alilikamua gunia lake. Kisha akasema godoro halitakauka leo, wala kesho, na kwamba Mercyline ana moja la ziada, jembamba lakini kavu, na mtu yeyote atakayesema kitu kuhusu godoro kuvuka mpaka atajibiwa na yeye. Elungat alisema hajasikia mtu akisema kitu. Apolot alisema anawajua watu.

Mzee Mulama alifika siku ya tatu baada ya mvua ile. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na suti ya kahawia na viatu vyake vya kung'aa, na Nicholas nyuma yake kwenye bodaboda nyingine. Alisema amekuja kuwatembelea walioharibikiwa. Nicholas, nyuma ya bega lake, alikuwa akimwonyesha Apolot kwa macho kwamba hiyo ni nusu tu ya habari.

"Karoti zako ziko aje, mzee?" Apolot aliuliza.

"Mawe hayakufika Busibwabo. Ziko salama."

"Zote zimevaa?"

Mzee Mulama alikohoa. Aliomba aonyeshwe uharibifu, wakamtembeza. Alisikitika vizuri kwa kila mstari, kwa maana alikuwa mtu mwema, na alipofika ukingoni akasikia kwamba kuna boga lenye kesi, uso wake ulifurahi. Aliipenda kesi. Alitaka kulipima boga mwenyewe kabla ya kutoa hukumu. Apolot alimwambia aangalie, ukingo umelegea. Alijibu kwamba Bwana huishika miguu ya watu wake, akapiga hatua, na Bwana akawa ameshughulika kwingine.

Alishuka kwa makalio hadi chini. Suti, viatu, na kitabu kidogo cha nyimbo alichokibeba kwenye mfuko wa koti, vyote viliingia kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Elungat aliruka kutoka upande wake kumsaidia, naye akateleza, na sasa walikuwa wawili, mmoja wa kila nchi, wameketi kwenye mpaka wa kimataifa wakitazamana.

Hakuna aliyecheka. Apolot aliuma ukosi wa gauni lake. Nicholas aligeukia ukuta wa choo. Halafu ikasikika sauti nyembamba, kama mlango wa zamani unaofunguliwa, na kwanza wakadhani mzee ameumia. Mzee Mulama alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yakitikisika. Alijaribu kusema jambo akashindwa, akajaribu tena.

"Ile karoti," alisema hatimaye, akifuta macho. "Ile karoti niliiona. Kabla sijaipiga picha niliiona. Nikajiambia, hapana Mulama, ni wewe mwenye mawazo machafu, wengine hawataona."

"Wote tuliona, mzee," Nicholas aliuambia ukuta.

"Mke wangu hajaongea na mimi vizuri hadi leo. Aliipika usiku uleule ili isionekane tena."

Walimtoa kwa kamba ya kuanikia nguo. Apolot alimpa leso ajifunge wakati suruali inaoshwa, leso ya maua makubwa ya zambarau, na hivyo ndivyo mwenyekiti alivyokaa kwenye kiti cha plastiki akitoa hukumu: boga likatwe leo, lipikwe leo, liliwe na wote waliopo. Elungat alisema ni haki. Apolot alisema ni haki, ila apike yeye, maana hamjui Mganda anayejua kuponda boga na karanga. Elungat alisema hajawahi kusikia jambo la uongo kama hilo, akaleta karanga.

Kuhusu ladha, ni afadhali kusema ilivyokuwa. Boga lile lilikuwa limelishwa samadi kupita kiasi na mvua kupita kiasi. Lilikuwa maji. Karanga zilijitahidi, chumvi ilijitahidi, na Mercyline aliporudi kutoka saluni alionja kijiko kimoja na kusema amekula njiani. Mzee Mulama alimaliza sahani kwa adabu. Nicholas alisema ni laini. Elungat alitafuna, akameza, akamtazama Apolot.

"Nyabo," alisema, "unaweza kulichukua. Ni la Kenya."

Jioni hiyo Mzee Mulama, bado yuko ndani ya leso, alivaa miwani, akahangaika na simu kwa muda mrefu, na Apolot akarudishwa kwenye grupu. Hakukuwa na hotuba. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi: alisema mawe yamemaliza kila kitu isipokuwa mdomo, na anayetaka kushindana naye kwa bustani mbaya alete picha. Kabla ya giza kuingia zilikuwa zimefika kutoka Amagoro, kutoka Matayos, kutoka kila mahali: sukuma zilizotobolewa, mahindi yaliyovunjika viuno, stroberi ya Nicholas ikiwa imelala karibu na kiberiti ili watu waone udogo wake. Watu waliandika sana. Hakuna aliyeandika amina, isipokuwa mke wa Mzee Mulama, aliyeingizwa kwenye grupu siku hiyohiyo, na yeye aliiandika chini ya stroberi.

Wiki moja baadaye Apolot alimwingiza Elungat, baada ya kumnunulia laini ya Kenya na kumfundisha pa kubonyeza. Mbegu za vitunguu walikuwa wamezipanda upya pamoja, nusu kwake, nusu kwa Apolot, kwa hoja kwamba mawe hayawezi kupiga nchi mbili kwa siku moja, hoja ambayo wote wawili walijua ni ya uongo. Ujumbe wa kwanza wa sauti wa Elungat ulikuwa mrefu. Kwanza alisafisha koo. Kisha jogoo aliwika. Kisha ilisikika sauti yake mwenyewe ikiuliza kwa mbali, "Nimebonya, sasa?" na sauti ya Apolot ikijibu kwamba amebonya tangu zamani, aongee, watu wanangoja.

"Mimi ni Elungat," alisema. "Niko Uganda. Vitunguu vimeota. Sina lingine."

Halafu, kwa kuwa hakujua jinsi ya kuzima, grupu nzima ikasikiliza wawili hao wakibishana kuhusu nani aliyeacha jembe kwenye mvua.